Shangazi wa Kompyuta: Dagaa wa jana usiku ni wa tarehe ngapi?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Nansio, Ukerewe. Nimemtengenezea mama mdogo programu ya simu ya kurekodi dagaa anaowanunua kwa wavuvi na kuwapeleka soko la Mwaloni, Kirumba. Akibonyeza "hifadhi", rekodi inakwenda kwenye seva niliyokodi, yaani kompyuta ya mbali. Mtandao ukikatika, programu inagoma. Ukirudi, mzigo mmoja unaweza kuonekana mara mbili, hata tatu. Juzi hesabu ilisema ana magunia 31, stoo yapo 22. Sasa amerudi kwenye daftari lake na ananitania mbele za watu. Rafiki yangu anasema kosa ni JavaScript, nianze upya kwa lugha nyingine. Nifanyeje?
*Mwenye Aibu, Nansio*

Marahaba mwanangu. Mwambie rafiki yako aiache JavaScript ipumzike. Ina vituko vyake, maana Brendan Eich aliiunda mwaka 1995 kwa siku kama kumi tu, lakini magunia 9 ya hewa hayakutoka kwake. Ukiandika upya kwa Kotlin au kwa Dart, magunia hayo yatakufuata hukohuko.

Kabla hujagusa kompyuta, kaa na mama mdogo asubuhi moja umwangalie anavyoandika. Mimi niliwahi kukaa Mwaloni siku mbili juu ya ndoo iliyogeuzwa, nguo zikanuka dagaa wiki nzima, na nilichokiona huko sikukisoma darasani. Mama mwenye daftari anaandika palepale, mvuvi akiwa bado amesimama. Hamsubiri mtu aliyeko ng'ambo amwambie "sawa, andika". Akikosea hafuti, anapiga mstari juu ya kosa na kuandika jingine chini yake. Programu yako haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo rekodi iandikwe kwanza ndani ya simu. Tumia SQLite, kanzidata (hifadhi ya taarifa) ambayo tayari imo ndani ya kila simu ya Android na iPhone. Asili yake itakufurahisha wewe mtu wa kisiwani. Mwaka 2000 D. Richard Hipp alikuwa akifanya kazi ya programu za meli za kivita za Marekani, na programu ile ilitegemea seva ya kanzidata. Seva ikizima, programu nayo haina la kufanya. Akaamua kutengeneza kanzidata isiyohitaji seva, faili moja tu kwenye diski. Shida ya manowari ndiyo shida ya mama mdogo. Akibonyeza "hifadhi", iandikwe kwenye faili hilo na aambiwe "tayari" papo hapo. Kutuma seva kuwe kazi ya pembeni, inayojaribu kila mtandao ukitokea. Juu ya kioo weka maandishi madogo: "Rekodi 6 zinasubiri kutumwa". Hayo usiyaache, maana simu ikitumbukia majini kabla ya kutuma, zile 6 zimekwenda nayo, na ni haki yake kujua.

Sasa magunia ya hewa. Simu ilituma, seva ikapokea na kuandika, kisha jibu la "nimepata" likapotelea njiani. Simu ikadhani ujumbe haukufika, ikatuma tena. Kila upande umefanya kazi yake vizuri na hesabu imeharibika. Dawa ni kila rekodi kuzaliwa na namba yake ndani ya simu, dakika ileile inapoandikwa. Tumia UUID toleo la 4, namba ndefu ambayo simu inajitungia yenyewe. Ina biti 122 za kubahatisha, simu mbili kugongana usikuwazie. Kwenye seva safu ya namba hiyo iwe ya pekee, na ukitumia kanzidata ya PostgreSQL andika ON CONFLICT DO NOTHING, yaani namba ikijirudia usiandike tena. Halafu, na hapa vijana wengi wanateleza, seva ikiona namba inayoijua isirudishe kosa. Ijibu "nimepata" kama kawaida, la sivyo simu itaendelea kutuma hadi bando liishe.

Nayajua haya kwa aibu yangu mwenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama wanaokopeshana kilitumia programu yangu, na mama mmoja akaonekana amerejesha mkopo wake mara mbili. Alinifuata na kidaftari mkononi: "Mwanangu, hii ya pili sijalipa." Angekuwa mwingine angenyamaza.

Kusahihisha nako kuwe kama kwenye daftari. Usibadili rekodi ya zamani. Ongeza nyingine yenye kutoa, iliyotaja namba ya ile iliyokosewa.

Hukuniuliza habari za tarehe, lakini nina hakika umekosea. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani jioni na taa zao, wengi wanarudi alfajiri. Mama mdogo atakuambia "dagaa wa usiku wa kuamkia Jumanne", na mvuvi mmoja anaweza kuleta karai la kwanza kabla ya saa sita na la pili baada yake. Ule ni usiku mmoja, kalenda ina siku mbili. Hapo hatujaitaja seva, ambayo kwa kawaida inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Ukiiacha itoe tarehe yenyewe, kila kilichoandikwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kinarudi siku ya nyuma. Weka safu mbili: wakati halisi kwa UTC, na usiku wa uvuvi kama tarehe ya kawaida ambayo mama mdogo anaichagua mwenyewe. Ripoti zake zote zitoke kwenye hiyo ya pili.

Fedha ziwe namba kamili za shilingi, uzito uwe gramu, maana desimali huleta makosa madogo. Jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 kwenye JavaScript uone: 0.30000000000000004. Python nayo itakujibu hivyohivyo.

Shangazi, laptop yangu ilitumbukia majini nikishuka kivukoni, na kazi ya muhula mzima. Nilikuwa natumia Git! Si ndiyo kazi yake?
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Pole sana mwanangu. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inakutunzia historia ya kazi. Historia ikikaa kwenye laptop moja, inazama nayo. Najua bando ni ghali, ila huhitaji intaneti kwa hili. Nunua flashi, tengeneza ndani yake hazina tupu ya Git kwa git init --bare, uiongeze kwenye mradi kama unavyoongeza ya mtandaoni, kisha kila jioni andika git push. Flashi ilale nyumbani. Ukiibeba kwenye begi la laptop umerudi kulekule.

Shangazi, majina ndani ya kodi (maandishi ya programu) tuandike Kiswahili au Kiingereza? Ofisini tunagombana.
*Watatu wa Buzuruga*

Mambo ya kompyuta yaacheni kwa Kiingereza, kila mtu ameyazoea. Mambo ya biashara yaandikeni kama mteja anavyoyatamka. Niliwahi kukuta kodi ambamo karai na debe vyote viwili vimeandikwa bucket, na bei ya kimoja ikazidishwa kwa idadi ya kingine. Yule kijana wa Nansio akiniuliza, safu yake ataiita usiku_wa_uvuvi, na mama mdogo akichungulia kwenye kioo ataielewa.