Kanisa lenye wapangaji

Mwanangu Dama,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mimi na baba yako, na hatujakubaliana hadi sasa. Unauliza mawili. Kwanza, iweje kanisa la Methodisti liwe chini ya jengo refu katikati ya Chicago, na huko juu orofa zimejaa mawakili wanaolilipa kanisa kodi ya pango: hilo ni kanisa au ni biashara? Pili, uendelee kusali hapo First United Methodist, au uwafuate Wakenya wenzako kwenye ushirika wao wa nje ya mji, ambako ibada ikiisha kuna ugali na sukuma wiki.

Baba yako amejibu kwa sentensi moja: Yesu aliwafukuza wafanyabiashara hekaluni. Mimi niliyeshika vitabu vya hesabu za kanisa tangu hujaingia shule sikubali jambo likatwe hivyo. Wale waliopinduliwa meza walikuwa wakiwakamua watu waliokuja kusali. Wakili anayelipia chumba chake mwisho wa mwezi anamkamua nani? (Wateja wake labda, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Nadhani najua kinachokusumbua. Wewe ni mtoto wa Ribe, huku karibu na Mombasa. Misheni uliyoikuta hapa ni kilima, shule, makaburi ya wamisionari na kanisa lililozungukwa na mashamba. Mmisionari Mjerumani Krapf aliwaleta Wamethodisti pwani mwaka 1862, na mmoja wao, Thomas Wakefield, akapiga kambi huku bara, si kule mjini Mombasa. Kwa hiyo ukisikia neno misheni unaona miti. Hilo kanisa lako limepitia njia nyingine kabisa, na ukiijua njia hiyo hizo orofa hazitakushangaza.

Lilianza mwaka 1831 kama Wamethodisti wanavyoanza kila mahali, yaani kwa darasa, kikundi kidogo cha kusali pamoja. Watu kumi tu, na mhubiri wa kusafiri aitwaye Jesse Walker. Chicago yenyewe haikuwa mji bado, na Krapf alikuwa hajatia mguu Mombasa. Mwaka 1834 wakajenga nyumba ya magogo kaskazini mwa mto. Miaka minne baadaye walipoona watu wanajenga zaidi upande wa kusini, hawakujenga nyingine: waliivusha ileile mtoni kwa mashua, wakaibiringisha juu ya magogo mpaka kona ya barabara za Clark na Washington. Ndiyo kona unayosimama wewe kila Jumapili. Hawajaiacha tangu 1838.

Mji ukakua ukawazunguka, na ardhi ya kona ile ikawa dhahabu. Hapo ndipo wadhamini walipofanya uamuzi unaokukera leo. Mwaka 1858 walijenga jengo lenye maduka na ofisi chini na kanisa juu, wakala kodi, na sehemu ya kodi hiyo ikasaidia kujenga makanisa mengine ya Methodisti katika mji huohuo. Mpangilio ulikuwa kinyume cha unaouona sasa, lakini wazo ni lilelile. Kwa hiyo si ubepari wa juzi. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 ukateketeza jengo pamoja na theluthi ya mji, nao wakajenga tena palepale. (Agosti ya mwaka huohuo Charles New, mmisionari wetu wa Ribe, alipanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji. Babu yako alipenda sana kulitaja hilo, nami nimelirithi.)

Jaribu lenyewe lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Washiriki wenye uwezo walikuwa wamehamia vitongojini, na viti vilikuwa vinapungua. Wapo waliosema: tuuze kona hii kwa bei nzuri, tuwafuate watu wetu waliko. Fikiria fedha ambazo zingepatikana! Wakakataa. Wakaamua kubaki na kujenga juu badala ya kuondoka, na mwaka 1924 jengo likakamilika: orofa 23, na mnara wa kanisa juu yake, jumla kama mita 173. KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, ina mita 105, basi piga hesabu. Hadi 1930 hakuna jengo la Chicago lililolizidi kimo. Mchungaji ana nyumba yake humo humo mnarani, jambo ambalo mke wa mchungaji wetu ameambiwa na hataki kuamini.

Mawakili wamejaa pale kwa sababu mahakama ziko ng'ambo ya barabara. Mmoja wa wapangaji wa zamani alikuwa Clarence Darrow, wakili maarufu ambaye mwaka 1925 alikwenda Tennessee kumtetea mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuzi, na mahakamani akamhoji mpinzani wake kuhusu Yona na nyangumi mpaka watu wakacheka. Mtu huyo, asiyeamini hata kidogo, alikuwa na ofisi kwenye jengo la Wamethodisti. Mimi hilo linanifurahisha.

Sasa sikia kuhusu John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, maana baba yako anamtaja sana bila kumsoma. Mwaka 1739 alinunua kiwanda cha mizinga kilichoharibika pale Moorfields, London. Kililipuka mwaka 1716 na kuachwa hivyohivyo. Akakigeuza kanisa, lakini halikuwa kanisa peke yake: humo mlikuwa na shule ya watoto maskini, wajane walikaa humo, dawa zilitolewa bure, na ulikuwapo mfuko wa kukopesha wafanyabiashara wadogo, chama cha akina mama kabla ya chama. Katika mahubiri yake kuhusu fedha alisema: pata kadiri uwezavyo, weka kadiri uwezavyo, toa kadiri uwezavyo. Uzeeni alilalamika kwamba wafuasi wake walishika mawili ya kwanza na la tatu wakalisahau.

Hapo ndipo ninapokubali kidogo na baba yako. Kodi ya pango ina hatari yake. Kanisa lisilohitaji sadaka ya mjane linaweza kumsahau mjane. Nimeona kanisa moja huku pwani, silitaji, wadhamini wanawakodishia shemeji zao maduka kwa nusu ya bei, na anayeuliza anaambiwa ana roho ya uasi. Kwa hiyo usiniulize kama kanisa lina wapangaji. Uliza mapato yanakwenda wapi, na mlango wa chini unafunguliwa kwa nani. Umenisimulia kwamba watu wanaolala nje wanakaa humo ndani wakati wa baridi bila kufukuzwa, na karani wa mahakamani anakaa benchi moja nao. Mwenye macho ameanza kujibiwa.

Kisha, ukiingia tena, tazama madhabahu. Kuna mchongo wa Yesu akiililia Yerusalemu, kama Luka anavyosimulia katika sura ya 19. Halafu omba kupandishwa kwenye kanisa dogo lililo mnarani, lile lililojengwa mwaka 1952 kwa fedha za familia ya Walgreen, wenye maduka ya dawa. Huko mchongo unamwonyesha Yesu akiitazama Chicago, na majengo yake. Waliochonga walijua misheni yao ni ipi.

Kuhusu ushirika wa Wakenya: nenda. Ugali si dhambi, na ukiugua ni wao watakaokuletea uji. Lakini jina lako liandikishe hapo mjini, unapofanya kazi na unapopita kila siku. Ukiwafuata wenzako vitongojini utakuwa unafanya kile ambacho kanisa lile lilikataa kufanya miaka mia moja iliyopita. Na usidhani ukibaki utakosa Kiswahili. Wamethodisti wa Lubumbashi na Kamina, kule Kongo, ni United Methodist tangu kwao, na wengi wamehamia Marekani. Kiswahili chao kitakuchekesha siku ya kwanza, ya pili utakizoea.

Jambo moja la karatasi. Kanisa letu la Methodisti Kenya lilijitegemea mwaka 1967 kutoka kwa Waingereza, na United Methodist iliundwa mwaka 1968 huko Marekani. Ni ndugu, ila vitabu vya washiriki ni mbalimbali, kwa hiyo utahitaji barua ya uhamisho. Nitamwomba mchungaji aiandike wiki hii. Nitumie jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na anwani ya kanisa. Na mkutano wao wa mwaka ukifika, ingia, keti mbele, omba kuona ripoti ya kodi ya pango, kisha unisomee mstari kwa mstari.

Baba yako anakusalimu. Anasema bado hajashawishika.

Mama yako