Kabla ya Kukimbilia Cheti Kingine cha Elimu Jumuishi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimepata kozi tatu za elimu jumuishi na ustawi wa wanafunzi, mbili za mtandaoni na moja ya kukutana ana kwa ana. Nataka kujiendeleza, na cheti nacho kiwe cha maana. Nichague ipi?" Nilimwitikia marahaba, nikaanza kumjibu, nikajikuta nimejaza skrini nzima na bado sijafika kwenye kozi yenyewe. Ndiyo maana jibu lenyewe nimelihamishia hapa. Najua hayuko peke yake. Wote tunaosoma haya tunataka kupanda, kila mtu ana faili lake la vyeti mahali, na anayesema hajali vyeti huwa tayari anavyo.

Mimi ninavyo. Nikivipanga mezani vinapendeza, vina mihuri ya kung'aa na sahihi za watu ambao hawakuwahi kuniona nikifundisha. Ukiniuliza kozi zenyewe zilihusu nini, nyingi nitakusimulia kwa pumzi moja, maana zinafanana. Slaidi ya kwanza ni mkutano wa elimu jumuishi wa Salamanca, Hispania, mwaka 1994, serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa yakikubaliana kwamba shule ya kawaida impokee kila mtoto. Ya pili ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, ile ya elimu. Ya tatu ni ile picha ya watoto watatu waliosimama juu ya masanduku wakichungulia mechi nyuma ya uzio, ya kuonyesha kwamba kumtendea kila mtoto haki si kuwapa wote kitu kile kile. Kisha kazi ya vikundi, bango kitita, picha ya pamoja, cheti. Yote yaliyosemwa ni kweli tupu, na ni vizuri mwalimu ayajue. Lakini ukiingia darasani Jumatatu, wanafunzi wamebanana hadi mlangoni, ibara ya 24 haikuambii uanze na nani.

Kozi moja ndiyo iliyonibadilisha. Naisimulia kila ninapopata nafasi, wenzangu wamechoka kuisikia.

Mwezeshaji alikuwa mama mtu mzima aliyefundisha wanafunzi wasioona kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Siku ya kwanza hakuwasha projekta. Alitupeleka kwenye darasa tupu, akaandika ubaoni aya moja kwa chaki, kwa mwandiko ule ule tunaouandika sote, akatuambia tukakae madawati ya mwisho, upande wa madirisha, tunakili. Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa linaupiga ubao kwa upande, na nusu ya kushoto ya aya ilikuwa mng'aro mtupu. Mwalimu aliyekaa karibu nami, mtu na heshima zake, miwani usoni, akaanza kuchungulia daftari langu. Mama akamwona. "Mwalimu, unaibia?" Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mtoto akifanya hivyo huwa mnamwitaje?"

Halafu akatupa kazi ya kurudi nayo shuleni. Kila mmoja achague mwanafunzi mmoja ambaye walimu wameshambandika jina, mvivu, mtukutu, mjeuri, lolote lile, amwandike kwenye daftari. Sharti lilikuwa moja: andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Ukiandika "hana nia ya kusoma", umedhani. Ukiandika "amefungua daftari, ameandika tarehe, ameacha", umeona. Baada ya wiki kadhaa tungekutana tena, madaftari mkononi.

Nilimchagua kijana ambaye ofisi ya walimu ilikuwa imeshamhukumu zamani: mvivu, tena anaiga. Daftari lile ninalo hadi leo. "Ameinua kichwa. Amekunja uso. Ameangalia daftari la jirani. Ameandika. Nimefuta ubao, ameweka kalamu chini." Ukurasa uliofuata, hivyo hivyo. Nikaanza kusoma kwa sauti kila neno ninaloliandika ubaoni, bila kumtaja wala kumtupia jicho. Kipindi kile kizima hakugeuka kwa jirani. Wazazi wakaitwa, wakampeleka kupimwa macho, ikaonekana ana uoni hafifu, na si wa jana wala juzi. Tukamsogeza mbele pasipo na mng'aro, nikakuza herufi, nikaacha kusema "hiki hapa" na "kile pale" huku nimenyoosha kidole. Kila kitu nikawa nakitaja kwa jina lake. Matokeo ya mtihani uliofuata yalipotoka, wale wale waliomwita mvivu wakasema kijana amebadilika. Nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa natembea kifua mbele.

Na wengine waliokuwa wakisinzia huko nyuma, wenye macho mazima kabisa, nao wakaanza kuandika. Kwenye kozi jambo hili lina jina kubwa, usanifu wa ujifunzaji kwa wote, na waliolieneza ni taasisi ya CAST ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984. Maana yake ni kwamba somo lipangwe tangu kwenye andalio likiwa na njia zaidi ya moja ya kulipata na zaidi ya moja ya kuonyesha umelielewa, usingoje mtoto akwame ndipo uhangaike naye. Mimi nililiona kwanza kwenye daftari, jina likaja baadaye. Naamini ndiyo njia nzuri ya kulijua. Thomas Guskey, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba waandaaji wa mafunzo huwa wanaanza kinyume: wanataka kwanza mwalimu aamini, ndipo abadili ufundishaji wake. Alivyoona yeye, mwalimu hujaribu kwanza, akiona wanafunzi wake wameinuka ndipo anaamini. Niliposoma hivyo nilimkumbuka yule mama, ambaye hakutuhubiria hata dakika moja.

Sasa linaloniuma. Niliporudi niliomba dakika 30 kwenye kikao cha walimu niwaonyeshe wenzangu zoezi la dawati la nyuma. Mkuu wangu wa wakati huo, shule siitaji, akanijibu mbele ya kikao: "Mwalimu, cheti umeshapata, kiweke kwenye faili. Hayo mengine ni ya walimu wa vitengo maalumu." Watu wakacheka. Nawakumbuka waliocheka, mmoja mmoja. Baadaye wakaguzi walipotangaza kuja, nani aliitwa kuandaa bango la ukutani lenye kichwa "Shule Yetu ni Jumuishi"? Mimi. Nikaliandaa, kwa herufi kubwa, nikalitundika pasipo na mng'aro. Wakaguzi walilisifu. Mkuu akapokea sifa.

Nimesamehe, ila sijasahau, na ninalitaja kwa sababu wewe mwalimu kijana nawe litakukuta. Utarudi kutoka mafunzoni moto unawaka, utakuta maji yanakusubiri mlangoni. Ukiwa ulikwenda kwa ajili ya kupigiwa makofi utazimika siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wenye kozi, kabla ya cheti na kabla ya ada: tunarudi lini? Kama hakuna kurudi, kama hakuna mtu atakayekuuliza ulijaribu nini na kilikwamia wapi, ujue unakwenda kusikiliza hotuba. Mwaka 2007 nchini Marekani yalitoka mapitio ya tafiti kuhusu mafunzo ya walimu kazini na matokeo ya wanafunzi. Walipitia zaidi ya tafiti 1,300, zilizokidhi vigezo zikabaki 9 tu. Katika hizo, zile ambazo mafunzo yalikuwa kati ya saa 5 na 14 hazikuonyesha tofauti ya maana kwa wanafunzi. Zilizokwenda zaidi ya hapo ndizo zilizoonyesha. Semina ya siku moja, chai ikiwemo, ni saa ngapi? Piga hesabu mwenyewe.

Swali la pili: je, kuna kazi ya kufanya na wanafunzi wako wewe, hao hao unaowajua kwa majina? Kozi za mtandaoni nyingi huishia kwenye maswali ya kuchagua jibu. Unasoma, unabofya, unapata alama, unapakua cheti, mwanafunzi wako hajui hata kama ulikuwa masomoni. Sizichukii kozi za mtandaoni. Chache nilizosoma zinamtaka mwalimu alete kumbukumbu za darasani na mwenzake azisome, na hizo zilinifaa kuliko semina nyingi za hotelini.

Na ukikuta kozi inakufundisha kuwagawa watoto, huyu anajifunza kwa kuona, yule kwa kusikia, mwingine kwa vitendo, kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake, toka mbio. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler waliupekua ushahidi wa jambo hili, wakakuta hautoshi kuhalalisha kuwafundisha watoto namna hiyo. Bado linauzwa hadi leo, tena na vyeti vizuri. Kumpa mtoto njia nyingi ni sawa. Kumfungia kwenye njia moja na kuiita kipaji chake ni kumbandika jina lingine tu.

Upande wa ustawi nitasema kwa kifupi, ingawa una mambo. Kozi nyingi zinakuja Jumamosi, siku pekee mwalimu anayopumzika, kumfundisha umuhimu wa kupumzika. Basi tuyaache hayo. Kozi iliyonisaidia ilijengwa juu ya mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011, na kiini chake ni vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kile cha tatu ndicho walimu wengi hatukipendi. Tunataka tumponye mtoto sisi wenyewe, tuwe mashujaa. Mwalimu si daktari wa akili. Kazi yako ni kuhakikisha mtoto amefika kwa mtu anayeweza kumsaidia.

Tulifanya igizo, mimi nikiwa mwanafunzi. Nikamwambia mwalimu wangu wa igizo, "Nikikuambia kitu, naomba usimwambie mtu." Naye kwa huruma zake akasema, "Nakuahidi." Mwezeshaji akasimamisha igizo pale pale. Akikuambia anapigwa, au anataka kujiua, utaitunzaje hiyo ahadi? Akatufundisha kusema hivi: "Nitakusikiliza, na sitalitangaza. Lakini likiwa ni jambo linalohatarisha maisha yako nitalazimika kumshirikisha mtu wa kukusaidia, na nitakwambia kwanza ni nani." Kariri maneno hayo. Yaandike nyuma ya daftari lako la zamu. Kabla hujaenda kozini ulizia shuleni kwako huyo mtu ni nani, maana shule nyingine hakuna anayejua, na kozi haitakupa.

Kwa hiyo mdogo wangu, chukua ile ya ana kwa ana iwapo ina awamu ya pili. Kama haina, chukua ya mtandaoni yenye kazi za darasani, na utafute mwalimu mmoja wa shuleni kwako wa kuifanya naye. Mmoja anatosha, msisubiri kikao wala ruhusa ya bango. Aingie kipindi chako, akae dawati la nyuma, aandike mambo mawili tu: nani amezungumza, na umesubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Mary Budd Rowe alipima jambo hili madarasani Marekani miaka ya 1970, akakuta walimu wengi husubiri sekunde moja au chini ya hapo. Waliposubiri tatu au zaidi, watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu, na majibu yakawa marefu zaidi. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu, utatamani kujijibu mwenyewe. Usijijibu. Kipindi kinachofuata mbadilishane, wewe ndiye ukae nyuma na daftari.