Natembea kila siku, kilo hazipungui: moyo wangu unafaidika?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 51, naishi Tabata. Nina presha na kila asubuhi nameza vidonge viwili, kimoja ni kile cha kukojosha. Tangu Machi natembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, lakini mizani haijashuka hata kilo moja na jasho silioni. Wenzangu wa kikundi cha jogingi wananishauri nivae koti la nailoni, na mmoja wao anauza unga wa kuzibua mishipa, kopo shilingi 80,000. Je, napoteza muda?

JIBU: Hupotezi muda, kaka. Nusu saa mara tano ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Ila swali lako nalisikia kliniki karibu kila wiki, na kosa ni lilelile: mtu anaufanyia moyo mazoezi, halafu majibu anakwenda kuyatafuta kwenye mizani.

Mizani haina habari za moyo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi 500 hadi 750 kwa siku akikata tiketi. Makondakta walipata mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Unaweza kusema madereva walikuwa wanene tu. Morris na wenzake walilifikiria hilo, wakafukua kumbukumbu za sare na kuangalia saizi za viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hata mwenye kitambi kwa mwenye kitambi, kondakta bado alikuwa na nafuu.

Kinachokua ni pumzi. Moyo uliozoeshwa unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa inatanuka kwa urahisi, misuli inaitumia vizuri oksijeni inayoletewa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, wa wanaume 6,213 waliopimwa kwenye mashine ya kukimbilia, ulionyesha kwamba uwezo huo wa pumzi ulitabiri nani ataishi vizuri zaidi kuliko hata presha au sigara zilivyotabiri. Wewe huhitaji mashine. Kama Machi ulikuwa unasimama ghorofa ya pili kushika ukuta, na leo unafika ya tatu huku unaongea na simu, jibu unalo. Ukitembea, uwe unaweza kuongea lakini kuimba kukushinde. Saa ya mkononi ya kuhesabu mapigo usiitegemee sana: kama kidonge chako cha pili ni cha jamii ya atenololi, kazi yake mojawapo ni kuyashusha mapigo hayohayo.

Sasa hilo koti. Jasho ni maji na chumvi, mafuta hayamo. Kilo uliyoiacha uwanjani asubuhi utairudisha saa nne kwa chupa ya maji. Na wewe tayari unameza kidonge cha kukojosha. Ukijifunga nailoni kwenye joto la Dar, maji yanakutoka kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Niliwahi kuletewa mgonjwa juu ya bodaboda, amebanwa katikati ili asianguke, zipu ya koti imefungwa mpaka shingoni. Presha ilikuwa imeshuka mpaka 80 kwa 50. Koti tulilikata kwa mkasi.

Unga ndio unaonimaliza uvumilivu. Wauzaji wanaongelea mshipa wa moyo kana kwamba ni bomba la sinki: mafuta yameganda ndani, mwaga kitu, yatoke. Mafuta hayo yamejengeka ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe. Hakuna unga unaopita ukayasugua. Siku hizi wanatembea na kimashine: unashika chuma mkononi, baada ya dakika moja zinachapwa kurasa kibao, ini limechoka, mishipa imeziba asilimia 40. Sisi kuuona mshipa uliobana tunahitaji picha ya CT, au mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni. Wao wanauona kiganjani!

Na hela si hasara kubwa. Hasara ni ile kauli inayouzwa pamoja na kopo: "Ukianza huu, vidonge vya hospitali acha." Presha haiumi. Mtu anaacha, wiki ya kwanza anajisikia mwepesi, anatoa ushuhuda kwenye kundi la WhatsApp na wengine watano wananunua. Sisi tunakuja kumpokea mdomo umepinda upande mmoja. Wanaotumia jamii ya atenololi wana hatari ya ziada: ukiikata ghafla, mapigo na presha vinaweza kupanda kwa kishindo.

Ukitembea kifua kikabana, pumzi ikakata kuliko kawaida yako au kizunguzungu kikakushika, simama na uende hospitali siku hiyohiyo. Kama kopo umeshanunua, njoo nalo kliniki pamoja na vidonge vyako. Wengi huja na kopo tu.