Friza inagandisha, chini hakupoi: usikimbilie gesi

Mkuu, umesema friza ya juu inagandisha nyama kama kawaida ila chini maziwa yanachacha, na fundi kakuambia gesi imepungua. Kabla hujatoa hela naomba unisikilize, maana mimi nililipia gesi mara 2 kwa ugonjwa huohuo na haikuwa gesi.

Kwangu ilikuwa hivi. Fundi akija anaizima, anafanya kazi yake, tukiiwasha inapoa vizuri siku kama 10, halafu chini joto linarudi. Baadaye sana ndiyo nikaelewa kuwa kilichoiponya ni yale masaa iliyokaa imezimwa, barafu ikayeyuka.

Friji hizi zisizohitaji kuyeyushwa kwa mkono, baridi yote inatengenezwa sehemu moja: koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa, iliyofichwa nyuma ya ile plastiki ya ndani ya friza. Feni inasukuma hewa baridi kushuka chini. Koili lazima ishike barafu, kwa hiyo kila baada ya masaa 6 hadi 12 ya kompresa kufanya kazi, taima inakata kompresa na kuwasha hita kwa dakika kama 20 au 30, maji yanatiririka nje. Hita isipowaka, barafu inajaa, hewa haipiti, na chini ndiko kunakoumia kwanza.

Chomoa waya ukutani, toa vitu, fungua skrubu za hiyo plastiki, utazame. Koili ikiwa nyeupe yote, barafu nene juu hadi chini, tatizo ni kuyeyusha. Ikiwa barafu imeshika mizunguko michache ya mwanzo na kwingine kukavu, hapo gesi inahusika, muite fundi. Kuangalia huku hakukugharimu hata shilingi.

Barafu usiichokonoe kwa kisu, nakusihi. Bomba la koili ni jembamba, ukilitoboa gesi itaisha kweli, na friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a ambayo inashika moto. Acha milango wazi, elekeza feni ya mezani, subiri hata siku nzima. Barafu nyingine iko ndani ya njia ya hewa, huioni.

Ikishakauka, chukua multimita, kile kipimo cha umeme, upime hita. Hita yangu ilisoma omu 280 hivi, nzima. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha kuna bimetali, kile kidude cha duara chenye nyaya mbili kilichobanwa kwenye koili. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanaipima ikiwa na joto la chumbani, wanakuta haipitishi umeme, wanasema imekufa. Kumbe ndivyo inavyotakiwa! Inapitisha umeme ikiwa kwenye baridi kali tu, ikipata joto inakata. Mimi niliifunga kwenye nailoni nikaiweka usiku kucha kwenye friza ya mama jirani anayeuza barafu. Asubuhi nikaipima papo hapo kabla haijapata joto: haipitishi. Hiyo ndiyo ilikuwa mbovu. Mpya nayo niliilaza humohumo kwanza, ikapitisha, ndipo nikaifunga.

Pembeni yake huwa kuna fyuzi ya joto. Ikiungua badilisha, usikubali kuungiwa waya moja kwa moja. Hiyo fyuzi ndiyo inayozuia hita isiyeyushe plastiki na kuleta moto nyumbani kwako.

Hita, bimetali na fyuzi vikiwa vizima, mtuhumiwa ni taima. Ya kuzunguka ina tundu la bisibisi. Rudisha umeme, izungushe taratibu mpaka ilie “tak” na kompresa izime. Baada ya dakika chache hita ikipata moto, ujue taima ilikuwa imekwama. Ila koili iwe tayari na barafu unapojaribu, la sivyo bimetali itakuwa imekata na utailaumu taima bure. Friji za bodi, yaani zinazoendeshwa kielektroniki, hazina taima hii, zina sensa, na hizo mimi sijawahi kuzifungua.

Halafu mwagia maji ya moto kidogo kwenye tundu la kutolea maji chini ya koili. Likiziba, maji yanaganda upya.

Fungua leo ukiweza, uniambie barafu imekaaje kwenye koili, na kama yako ni ya taima au ya bodi.