Fila haiinui uso: upasuaji ufikiriwe lini?

Swali: Habari daktari. Nina miaka 48, mashavu yameshuka mpaka yamefanya vifuko kwenye taya na shingo nayo imelegea. Nimeshachoma fila, zile sindano za kujaza uso, mara tatu ndani ya miaka miwili na anayenichoma anasema bado kidogo tu, nikiongeza uso utapanda wenyewe bila kisu. Au nisubiri nifike 60 ndo nifikirie upasuaji wa kuinua uso?

Jibu: Dada yangu, hiyo "bado kidogo tu" ndo inanichosha kuliko zote maana nakutana nayo kila mara. Fila inajaza, haiinui. Uso ukizeeka kuna vitu vinapungua, mafuta ya ndani na hata mfupa, hapo fila ina kazi yake na mimi mwenyewe naitumia, lakini kuna vitu vinalegea na kushuka, yaani ngozi pamoja na ule utando wa chini yake ulioshikana na misuli ya uso, na hapo fila haina msaada. Shavu lililoshuka ukizidi kulijaza linakuwa zito na pana, ndo maana unaona mtu uso umeumuka na vifuko vya taya viko palepale.

Hiyo 60 nani kaiweka? Sisi hatuangalii cheti cha kuzaliwa. Kaa mbele ya kioo, weka vidole mbele ya masikio, vuta ngozi taratibu kwenda juu na nyuma. Kama kinachokukera ndo hicho kinachoondoka ukivuta, vifuko vya taya na shingo, basi umeshafika pa kwenda kuonana na daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki. Kama kinachokukera ni vimistari vya juu ya mdomo, madoa au kope zilizoshuka, upasuaji huu hautavigusa, hivyo vina tiba zake. Na daktari mzuri anakaza ule utando wa ndani, havuti ngozi peke yake, maana ngozi ikibebeshwa mzigo wote inalegea tena mapema na kovu linapanuka. Upasuaji huu ukifanywa vizuri unaweza kukaa nao kama miaka 10 hivi, japo kuzeeka hakusimami.

Kama unavuta sigara acha angalau wiki 4 kabla, na usirudie wakati unapona, kwa sababu ngozi iliyoinuliwa inaishi kwa damu kidogo sana na nikotini inaibana hiyo damu, nimeona ngozi ya nyuma ya sikio ikifa hivi hivi. Presha iwe imetulia kwanza, la sivyo damu inaweza kujikusanya chini ya ngozi, hasa ndani ya saa 24 za mwanzo. Na umwambie daktari ulichomwa nini, wapi, mara ngapi.

Hapo sasa ndo penye balaa, wengi hawajui walichomwa nini! Mtu anachomewa sebuleni kwa mtu, chupa haina hata jina, anaambiwa ni fila ya kudumu. Jamani, inayodumu ndo ya kuogopa. Silikoni ya maji ikishaingia usoni inasambaa, inafanya mabonge hata miaka mingi baadaye na kuitoa yote mara nyingi haiwezekani. Nyuzi za kuvuta uso, zile zinazopitishwa chini ya ngozi, nazo zinauzwa kama mbadala wa upasuaji wakati matokeo yake ni ya miezi tu, halafu zinaacha makovu ndani yanayotusumbua siku ya kupasua.

Hata fila halali ya asidi ya hayaluroniki ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho, na anayechoma bila kuwa na dawa ya kuiyeyusha hapo hapo mkononi hafai kukushika uso. Ukichomwa, ngozi ikabadilika kuwa nyeupe au ya madoadoa, maumivu yakawa makali au jicho likaanza kuona giza, usikubali kuambiwa nenda kapumzike itaisha, kimbia hospitali muda huohuo.