Je, I1 ni damu ya Wavikingi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma sana mambo ya DNA na kila nikigusa haplogrupu I1 (yaani kundi la wanaume wa ukoo mmoja wa baba) naambiwa ni ya Wavikingi, wale mabaharia wavamizi wa kale wa Skandinavia. Ni kweli ilianza na wao? Na mbona imejaa Skandinavia?

JIBU: Marahaba. Hapana, Wavikingi waliikuta. Enzi yao huhesabiwa tangu 793 walipovamia monasteri ya Lindisfarne kule Uingereza, na I1 wakati huo ilishakuwa na zaidi ya miaka 3,000 inapita kwa baba na mwana.

Iko hivi, kromosomu Y, kipande cha DNA kinachotambulisha makundi haya, baba anampa mtoto wa kiume tu, na mara moja moja inapata kosa dogo la kunakili ambalo uzao wote wa kiume unabaki nalo, ndo alama wanazohesabu wataalamu. Sasa I1 iliachana na ndugu yake I2 kama miaka 27,000 iliyopita, enzi ya barafu, lakini wanaume wote wa I1 walio hai leo wanakutana kwa babu mmoja wa juzi juzi tu, miaka kama 4,600, na hapo katikati kuna alama zaidi ya 300 ambazo wote wanazo! Yaani matawi mengine yote yalikatika. Na kukatika si lazima vita au njaa, mtu akizaa mabinti watupu Y yake imeishia hapo hata kama ana wajukuu kibao. Mimi hapa ndo panaponigusa, mamilioni ya watu na wote wametoka kwenye uzi mmoja uliobaki.

Uzao wa huyo babu ukaongezeka kwa kasi Zama za Shaba, na leo Uswidi, Denmark na Norwei I1 ni kama theluthi ya wanaume. Uingereza Waanglo-Saksoni, makabila ya Kijerumani yaliyohamia huko, waliipeleka tangu karne ya 5, Wavikingi wakaja kuongeza, kwa hiyo Mwingereza mwenye I1 hawezi kusema ni Mvikingi mpaka aangalie tawi lake dogo, na Wavikingi wengi tu walikuwa wa haplogrupu nyingine, R1a au R1b.

Halafu Y ni mstari mmoja tu wa ukoo. Iceland wanaume waliohamia wengi walitoka Skandinavia, ila ukifuata upande wa akina mama, kwa DNA ya mitokondria, zaidi ya nusu wanarudi Ireland na Scotland.