Kwa mhadhiri anayefikiria ubunge

Wadogo zangu wanawake mnaofundisha vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa, ambao siku hizi mnaulizwa na majirani kama hamtagombea, someni ibara ya 66 na ya 67 za Katiba kabla hamjashona sare ya chama. Mtaona kwamba mwanamke huingia bungeni kwa kuchaguliwa jimboni, kwa viti maalumu, au kwa kuteuliwa na Rais, ambaye ana nafasi zisizozidi 10. Mtaona pia kwamba sharti la elimu ni kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza tu, ilhali kwa anayegombea, sharti la kuwa mwanachama aliyependekezwa na chama halina msamaha. Shahada ya uzamivu, kwa hiyo, haimpi mtu kura hata moja ya maoni ndani ya chama.

Mfano wa kwetu ni Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe, aliyekuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 alikaa katika Bunge Maalumu la Katiba. Mwaka 2015 akawa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akateuliwa mbunge na kuchaguliwa Naibu Spika. Kura za wananchi wa Mbeya Mjini alizitafuta mwaka 2020, na Uspika akaupata mwaka 2022. Siasa zake kila mtu na azipime apendavyo. Mimi nawaonyesha mpangilio wa hatua, kwamba taaluma yake ilitumika kwanza mahali inapohitajika, jimbo likafuata. Dkt. Asha-Rose Migiro, naye mhadhiri wa sheria chuoni hapohapo, aliingia mwaka 2000 kwa viti maalumu.

Jambo linalowashinda wasomi wengi niliowaona ni mkutano wa hadhara. Mhadhiri amezoea kutoa maelezo ya saa nzima na kuulizwa mwishoni, lakini mzee wa Igawilo, hapa Mbeya, atakukatiza mapema: "Mwalimu, hiyo barabara ya kwetu inachongwa lini?" Hapo unatakiwa ujue kama barabara ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), kama maji ya kijiji yako RUWASA (wakala wa maji vijijini), na ni kikao gani cha halmashauri kitakachopitisha ombi hilo, kwa maana mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Mengi ya haya utafundishwa na diwani wa darasa la saba, na umsikilize kwa heshima.

Usomi wenu uwekeni akiba kwa ajili ya kamati. Ukumbini mbunge hupewa dakika chache, na makofi hayabadilishi kifungu. Kwenye kamati ndiko muswada unakochambuliwa neno kwa neno, na ndiko ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inakohojiwa. Mtu aliyesahihisha tasnifu kwa miaka mingi hatishwi na vitabu vya bajeti, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kumtoa mhadhiri darasani.

Mkataba wa ajira usomeni pia, mjue utumishi wenu utakuwaje mkigombea. Tafuteni mapema katibu wa ofisi ya jimbo anayezijua kata zote, kwa sababu Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na Aprili mvua za kwetu bado hazijakatika, magari yanakwama, na wapigakura wanampigia simu mbunge wao kuliko mwezi mwingine wowote.